Kutoka Mchoro wa Vekta hadi Bango la Zahanati: Namna ya Kutoa Picha Isiyopotosha Maelekezo ya Tiba

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilicho kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka wa Burundi, kilipokea makumi ya maelfu ya wakimbizi katika muda wa wiki chache. Kijiji hakikuwa na barabara ya kupita magari. Watu walisafirishwa kwa vyombo vya majini, ikiwemo meli ya MV Liemba, hadi Kigoma mjini, wakahifadhiwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Kipindupindu kilisafiri pamoja nao. Kufikia tarehe 22 ya mwezi huo wagonjwa walikuwa wamefika takribani 3,000 na vifo 31.

Kipindupindu huua kwa kuukausha mwili, na wagonjwa wengi huokolewa na kitu chepesi: maji yaliyochanganywa ORS kwa kipimo sahihi, yakinywewa mapema na kwa wingi. Anayechanganya maji hayo mara nyingi si muuguzi. Ni mama nyumbani, jirani, au mvuvi aliye ndani ya mtumbwi pamoja na mwenzake anayeharisha. Katika kata zinazopakana na ziwa kama Bangwe, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, watu huzungumza Kiha, Kiswahili na Kirundi, baadhi hawasomi lugha yoyote kati ya hizo, na maji ya ziwa ni maangavu kiasi cha kumfanya mtu aamini kuwa hayana vijidudu. Hapo picha hufanya kazi ambayo maneno peke yake hayaiwezi.

Picha za namna hiyo siku hizi huchorwa kwa kompyuta, aghalabu kwa programu za vekta kama Inkscape, ambayo hupatikana bila malipo, au Adobe Illustrator na CorelDRAW, ambazo hulipiwa. Uchoraji wenyewe huwa mzuri. Uharibifu hutokea baadaye, pale mchoro unapotolewa ndani ya programu na kuwa faili la picha la kupelekwa steshenari au kutumwa kwa simu. Hatua hiyo huchukua nusu dakika, hufanywa kwa haraka, na ndiyo inayoshughulikiwa hapa.

Mchoro wa vekta na picha ya nukta

Mchoro wa vekta hauhifadhi picha kama ilivyo machoni. Huhifadhi maelezo ya kuichora: mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale, ujazwe rangi ya samawati. Kwa kuwa ni maelezo, mchoro huo unaweza kupanuliwa kutoka ukubwa wa stempu hadi ukubwa wa ukuta na kingo zake zikabaki kali. Faili la PNG au JPEG ni kitu kingine. Ni gridi ya nukta za rangi, kila moja huitwa pikseli, na idadi yake hufungwa siku faili lilipotolewa. Likipanuliwa baadaye, nukta haziongezeki. Zilizopo huvutwa tu na kuwa kubwa, na picha huwa ya ukungu.

Kutoa mchoro ni kuugeuza kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili, na mgeuko huo hauna njia ya kurudi. Ndiyo maana faili asilia, la SVG au la aina nyingine inayotumiwa na programu husika, halipaswi kufutwa baada ya bango kuchapwa. Mlipuko ujao utahitaji picha ileile yenye maneno ya Kirundi badala ya Kiswahili. Aliyetunza faili asilia atabadili maneno kwa dakika kumi, na aliyetunza JPEG peke yake atalazimika kuchora upya.

Kuna hadaa moja ya kuangaliwa. Faili linaweza kuwa na jina la vekta huku ndani yake kumebandikwa picha ya nukta iliyopakuliwa kutoka mtandaoni, kwa mfano picha ya konokono wa kichocho. Kuiweka ndani ya Inkscape hakuipi ubora iliyokosa. Ukitaka kujua, kuza sehemu hiyo mara kumi kwenye skrini: ikionyesha vijisanduku, ni picha ya nukta.

Jicho ndilo linaloamua idadi ya nukta

Swali linaloulizwa zaidi ni hili: faili litolewe kwa nukta ngapi kwa inchi? Wapiga chapa hujibu 300, na wengi huipokea namba hiyo kama desturi tu. Hata hivyo ina asili yake katika jicho la binadamu. Jicho lenye uoni wa 6/6 hutofautisha vitu viwili vikitengana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa karatasi iliyoshikwa mkononi, sentimita 30 kutoka usoni, pembe hiyo ni sawa na milimita 0.087. Inchi moja ina milimita 25.4. Ukigawanya, unapata takribani nukta 290 kwa inchi. Zaidi ya hapo jicho la kawaida haliongezewi kitu; pungufu sana ya hapo, huanza kuona ngazi kwenye kingo za herufi.

Mtu akisogea nyuma, hitaji hupungua. Bango linalosomwa kutoka mita moja hutosheka na nukta 90 hivi kwa inchi, na kutoka mita mbili, takribani nusu ya hizo. Kwa kuwa wasomaji hawasimami mahali pamoja, na wapo wanaosogea hadi kuligusa bango, nukta 150 kwa inchi ni chaguo la busara kwa chochote cha kubandikwa ukutani. Karatasi ya A4 ya kushikwa mkononi yenye nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 2480 kwa 3508. Bango la A3 kwa kiwango hichohicho huhitaji 3508 kwa 4961. Bango la A2 kwa nukta 150 huhitaji tena 2480 kwa 3508, sawa na ile A4: karatasi imekua, lakini msomaji naye amerudi nyuma.

Sasa tazama kinachotokea pale mtoaji anapobofya tu bila kubadili chochote. Inkscape, kwa mpangilio wake wa kawaida, hutoa nukta 96 kwa inchi. Ukurasa wa A4 huwa na pikseli 794 kwa 1123. Kwenye skrini ya kompyuta picha hiyo hupendeza, kwa sababu skrini nyingi zina nukta za kiasi hicho, na mtoaji huridhika. Ikichapwa, kila nukta huwa na upana wa milimita 0.26, mara tatu ya kile jicho linachoweza kukiona.

Athari yake huonekana mahali padogo. Mtoto mwenye umri chini ya miezi 6 anayeharisha hupewa zinki miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20. Wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa kidonge kizima. Wote kwa siku 10 hadi 14. Kwenye kipeperushi nusu hiyo huandikwa ½. Ikiwa herufi zina urefu wa milimita 3, tarakimu ya juu ya alama hiyo ina milimita 1.2 hivi. Kwa nukta 300 kwa inchi hupata nukta 14 za kujichora. Kwa nukta 96 hupata nne au tano. Mstari wa katikati huyeyuka, na kinachobaki kinaweza kusomwa kama 1 iliyochafuka, au kama 12. Nukta ya desimali katika 0.5 iko hatarini zaidi, kwa kuwa yenyewe ni nukta moja tu. Mchoraji wa maelekezo ya dawa afadhali aandike “nusu kidonge” kwa maneno na kuchora kidonge kilichokatwa katikati, hata kama faili lake litatolewa kwa ubora wa juu kabisa.

Jicho lina neno jingine la kusema, na hili haliponywi na pikseli. Herufi ya 6/6 ina urefu wa dakika tano za pembe, ambao kwa umbali wa mita 2 ni milimita 2.9. Mgonjwa mwenye uoni wa 6/18 huhitaji herufi mara tatu ya hiyo, karibu milimita 9. Wagonjwa wa namna hiyo si wachache katika benchi la zahanati: wazee wenye mtoto wa jicho na waliokosa miwani. Kipimo cha dawa kwenye bango la ukutani kikiwa na herufi za chini ya milimita 9, bango hilo limewaacha nje, liwe limetolewa kwa nukta 300 au 3,000.

PNG, JPEG au PDF

JPEG, iliyowekwa rasmi mwaka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya fotografia. Huigawa picha katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, kisha katika kila kijisanduku hutupa taarifa ambazo jicho halitazikosa sana. Kwenye uso wa mtu au mawimbi ya ziwa, hila hiyo hufaulu. Kwenye mstari mweusi juu ya karatasi nyeupe hushindwa, kwa sababu mpito mkali kutoka nyeusi kwenda nyeupe ndicho kitu ambacho njia yake ya kubana haikiwezi. Kuzunguka kila herufi hutokea vumbi la kijivu. Tena JPEG huhifadhi rangi kwa uangalifu mdogo kuliko mwanga, hivyo maandishi mekundu juu ya nyeupe huathirika mapema. Na katika mabango ya afya, nyekundu ndiyo rangi ya dalili za hatari.

PNG haitupi kitu. Tena kwa michoro yenye rangi tambarare, kama vile kikombe, ndoo, mkono na sabuni, faili lake mara nyingi huwa dogo kuliko la JPEG lenye ubora wa kuridhisha. Hofu kwamba PNG ni nzito ina ukweli kwa fotografia, lakini mchoro wa vekta ni habari nyingine.

Pale steshenari au kiwanda cha uchapaji kinapokubali PDF, hiyo ndiyo ya kupeleka. PDF huweza kubeba mchoro ukiwa bado vekta, na printa yenyewe ndiyo hukokotoa nukta kwa uwezo wake wote. Vilevile matoleo mapya ya Word na PowerPoint hupokea SVG moja kwa moja, jambo linaloepusha tatizo ambalo wengi hawalifahamu: Word ina kawaida ya kupunguza ubora wa picha za nukta wakati wa kuhifadhi waraka, isipokuwa imeelekezwa vinginevyo katika mipangilio yake.

Rangi zinahitaji neno moja tu. Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga na printa kwa wino, na samawati au kijani kinachong’aa kwenye skrini hufifia kwenye karatasi. Chapa nakala moja kwanza.

Herufi zinazohama

Mchoro unapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti iliyotumika, programu huweka fonti nyingine bila kuomba ruhusa. Mistari huongezeka urefu, neno la mwisho hutoka nje ya kisanduku, na alama kama ½ au ≥ huweza kugeuka kisanduku kitupu. Kinga ni kuigeuza kila herufi kuwa mchoro kabla ya kutoa PDF au SVG ya kusambaza, kwa amri inayogeuza kitu kuwa njia. Kuanzia hapo herufi ni maumbo tu na haihitaji fonti yoyote.

Amri hiyo itumike kwenye nakala na kamwe isitumike kwenye faili asilia, kwa kuwa maneno yaliyogeuzwa hayahaririki tena. Majina mawili ya faili hutosha, moja likimalizikia “asilia” na jingine “kuchapa”, kila moja likiwa na tarehe. Tarehe hiyo iandikwe pia ndani ya bango lenyewe, chini pembeni, maana miongozo ya tiba hubadilika na bango la zamani huendelea kuning’inia.

Vinavyopimwa kwa rula

Yapo machapisho ambayo hayatoshi kuwa maangavu. Lazima yawe na ukubwa wa kweli. Utepe wa kupimia mzingo wa mkono wa mtoto ni mmojawapo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Utepe rasmi hutolewa ukiwa umechapwa tayari kwenye plastiki, na huo ndio wa kutumia. Lakini unapokwisha, kishawishi cha kuchapa wa karatasi ni kikubwa.

Printa nyingi, zikiachwa na mpangilio wa “kutosheleza ukurasa”, hupunguza kila kitu kidogo ili kuacha nafasi pembeni. Tuseme zimepunguza hadi asilimia 97. Alama ya milimita 115 sasa iko kwenye milimita 111.6. Mtoto mwenye mkono wa milimita 113, ambaye alipaswa kuangukia kwenye nyekundu na kupelekwa kwenye matibabu siku hiyohiyo, husomeka 116 na ushei, na kuangukia kwenye njano. Hakuna aliyekosea kupima. Hivyo, kitu cha namna hii kitolewe kwa PDF, kichapwe kwa asilimia 100, na ndani ya ukurasa uchorwe mstari wa milimita 100 wa kuhakikisha kwa rula kabla ya karatasi kukatwa. PNG haifai hapa: idadi yake ya pikseli ni ya uhakika, lakini ukubwa wake kwenye karatasi huamuliwa na programu inayoifungua.

Chati ya Snellen ya kupimia macho, inayotumika tangu mwaka 1862, ina sharti hilohilo. Katika chati ya mita 6, herufi ya mstari wa 6/60 ina urefu wa karibu milimita 87. Rula ya shule inatosha kuikagua.

Simu ya mkononi

Mjini Ujiji, kama kwingineko, ujumbe wa afya husafiri zaidi kwa WhatsApp kuliko kwa karatasi. WhatsApp huibana tena picha inayotumwa kama picha, na hata pale mtumaji anapochagua ubora wa juu, kubana hakukomi kabisa. Picha iliyopokewa ikatumwa kwa mwingine kwa kuipiga picha ya skrini hupoteza zaidi. Faili la kuchapwa litumwe kama hati, nalo litafika kama lilivyotoka.

Lakini kumtumia mvuvi wa mwalo wa Kibirizi faili la pikseli 4961 si huruma. Humlia bando, na bango la A3 likisinyazwa kwenye kioo cha simu halisomeki. Toleo la simu lichorwe upya kutoka faili asilia: wazo moja kwa picha moja, maneno machache, upana wa pikseli 1080 hivi. Picha moja ionyeshe pakiti moja ya ORS ikimiminwa kwenye lita moja ya maji safi. Nyingine ionyeshe mtoto wa chini ya miaka 2 akinyweshwa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, na wa miaka 2 na kuendelea mililita 100 hadi 200. Kiasi cha maji kisomwe pia kwenye pakiti yenyewe. Kosa la kupunguza maji huufanya mchanganyiko uwe na chumvi nyingi, jambo la hatari kwa mtoto mchanga.

Programu za vekta hutoa PNG isiyo na rangi ya nyuma iwapo mchoraji hakuweka mstatili mweupe. Kwenye simu iliyowekwa mandhari meusi, mistari myeusi ya mchoro huo humezwa na weusi, na mpokeaji huona ndoo isiyo na mkono wa kuishika. Mstatili mweupe uwekwe nyuma ya kila kitu.

Kwa mgonjwa au ndugu yake aliyepokea picha yenye ukungu, kukisia kipimo ni hatari kuliko kuchelewa kwa saa moja kuuliza. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au simu kwa zahanati, itajibu. ORS ianze kunywewa kwa maelekezo ya kwenye pakiti wakati jibu linasubiriwa.

Kabla ya kubandika

Bango likishachapwa, lijaribiwe kwa mambo mawili. Kwanza, litolewe fotokopi ya nyeusi na nyeupe, kwa sababu ndivyo litakavyosambaa baada ya wiki ya kwanza. Nyekundu na kijani huweza kutoka na kijivu kilekile, na wapo wanaume waliozaliwa bila uwezo wa kuzitofautisha hata kwenye nakala ya rangi. Ikiwa tofauti kati ya “fanya” na “usifanye” imebebwa na rangi peke yake, fotokopi imeifuta. Alama ya mkato, mistari ya mshazari au umbo tofauti hubaki.

Pili, libandikwe kwa gundi ya muda mahali litakapokaa, kwenye mwanga wa mahali hapo, na mtu asiyehusika na uchoraji asimame mita 2 mbali. Awe mtu mzima wa kuvuka miaka hamsini, asiyevaa miwani ya kusomea. Aulizwe: mtoto wa miezi 4 apewe kidonge kiasi gani? Akisita, au akisema kimoja, mchoraji arudi kwenye faili asilia.